Alama kwenye Kitako

Watu wa kanisa lao pale Toongabbie, pembeni mwa jiji la Sydney, wale waliotoka Beni, Butembo na Uvira, pamoja na Warundi waliozoea kukaa viti vya nyuma, walisema kwamba ukimpa Balthazar neno, halianguki njiani. Siku za juma aliendesha mashine ya kunyanyulia makasha katika ghala moja kubwa, akipandisha mzigo juu ya mzigo mpaka karibu na dari, kazi isiyohitaji ulimi. Lakini mtu wao akiitwa hospitali, au ofisi ya nyumba, au shuleni kwa sababu ya utundu wa mtoto, simu ya Balthazar ndiyo iliyolia. Aliwapeleka wajane kwa madaktari, akawapeleka madaktari kwa wajane, na katikati yao yeye akawa kama kioo cha dirisha. Hakutia chumvi, hakupunguza. Mama Goreth, Mrundi mwenye mdomo, alimtania kwamba siku moja atakohoa mbele ya daktari na Balthazar atamkoholea kwa Kiingereza.

Alikuwa amepita miaka hamsini na tano. Mkewe Katungu alifanya kazi ya kutunza wazee, na binti yao Falone alisoma chuo. Falone alikisikia Kiswahili chote, hata cha mafumbo, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza. Katika chumba cha mbele, kile kinachopata jua la asubuhi, alikaa baba yake Balthazar, Mzee Paluku.

Mzee Paluku alikuwa amevuka tisini. Macho yake yalizimika katika kambi ya wakimbizi Uganda, taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta huku watu wanaendelea kuzungumza. Alifika Sydney akiwa kipofu, na kwa hiyo hakupata kuiona. Aliijua kwa masikio na pua: treni, mvua juu ya mabati ya gereji, harufu ya nyama ya jirani inayochomwa Jumapili. Hakulalamika. Jambo lake lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo tangu utoto.

Katika ukoo wao, mtu hazikwi ipasavyo na mwanawe kama yeye mwenyewe hajamzika baba yake. Ni kama foleni. Wa mbele asipoingia, wa nyuma atapita wapi? Na mtu akifia mbali, mwili usipatikane, huzikwa kitu kilichoshika jasho la mkono wake: mpini wa jembe, kiko, fimbo. Huchimbiwa kaburi dogo, watu hulia, hunyoa vichwa, mambo yakaisha. Wamisionari waliwaambia kwamba huo ni upagani. Wakakubali, wakabatizwa, wakaendelea kuzika mipini.

Sasa baba yake Mzee Paluku, Kasereka, alikuwa askari wa Wabelgiji. Mwaka 1941 alipelekwa vita vya Abisinia, Ethiopia ya leo, na hakurudi. Mzee alikuwa mtoto wa miaka sita hivi, akiishi na mama yake katika kambi ya askari kule Watsa. Habari ya kifo ilipofika, mama na mtoto walitolewa kambini. Hawakutoka na kitu. Nguo ilikuwa ya serikali, blanketi la serikali, sufuria ya serikali, hata ungo wa kupepetea. Kitu pekee kilichokunywa jasho la mikono ya Kasereka, usiku na mchana, kilikuwa bunduki yake, nayo ilikwenda naye.

Kwa hiyo katika familia, kusema "bunduki ya Kasereka" kulikuwa kama kusema pembe ya farasi. Mtoto akiomba kisichowezekana, aliambiwa angoje bunduki ya Kasereka irudi. Balthazar alikua akicheka nayo. Ni baadaye, alipokuwa mtu mzima na kumwona baba yake akiondoka matangani kabla ya mwili kutolewa nyumbani, akiona aibu kuzika watu wa wengine, ndipo alipoelewa kwamba mzee hakuwahi kucheka.

Ikafika jioni moja Falone akamletea simu yake. Alikuwa akitafuta picha za Kongo ya zamani kwa kazi ya chuo, akakutana na tangazo. Mtu wa Liverpool, upande wa kusini-magharibi mwa jiji, anauza bunduki kongwe ya kijeshi, ya Kibelgiji, ya kupakia risasi moja moja, iliyotumiwa na askari wa Kongo. Alimwuliza baba yake kwa Kiingereza kama hii siyo ile ya Kasereka. Balthazar aliitazama picha ile muda mrefu. Mbao nyeusi, chuma cha rangi ya chai. Alijua hesabu za dunia. Askari walikuwa maelfu, na bunduki maelfu. Lakini moyo hauna hesabu. Akaenda chumba cha mbele, akamwambia mzee usiku uleule, kabla hata hajafikiri.

Mzee Paluku aliinuka akaketi kitandani. Kisha akasema kwamba bunduki ya baba ilikuwa na alama.

Balthazar hakuwahi kuisikia habari hiyo. Mzee alieleza kwamba bunduki zote zilisimamishwa kwenye safu moja usiku, na asubuhi, filimbi ikilia, askari aliyechukua isiyo yake alichapwa viboko. Kwa hiyo kila mmoja aliweka alama yake ya siri: huyu mkwaruzo, yule ushanga. Kasereka alikata kipande cha waya wa simu ya serikali, shaba, akakipigilia kwenye kitako, upande wa kushoto, chini kidogo ya mahali shavu linapolala. Kama msumari. Wakati mwingine alimwita mtoto, akamlaza shavu pale, ili ajue.

Kesho yake Balthazar alimpigia simu mwenye tangazo. Jina lake Neville, mstaafu, sauti ya mtu anayependa kuongea. Alikusanya silaha kuukuu maisha yake yote, sasa daktari amemwambia apunguze vitu nyumbani. Alieleza kwamba silaha za namna ile, zilizoundwa kabla ya mwaka 1900 na ambazo risasi zake haziuzwi tena, hazihitaji leseni. Balthazar akamweleza sababu yake, yote, tangu Watsa mpaka Abisinia. Na mwishoni akamwambia alama: msumari wa shaba, upande wa kushoto, chini ya shavu.

Kwao ndivyo mtu mwaminifu anavyofanya. Mbuzi akipotea na mwingine akamwokota, anayedai hutangulia kusema alama, tena kwa sauti, kabla hajamwona mnyama: sikio limechanwa hivi, mguu una doa pale. Asemaye baada ya kumwona ndiye mwizi. Tangu utoto Balthazar aliona ikifanywa hivyo sokoni. Alichosahau ni kwamba sokoni mbuzi amefungwa mbele ya watu tangu asubuhi. Kila mtu ameshalihesabu doa. Aliyemwokota hawezi kumchora mwingine.

Neville akasema kuna gari limeegeshwa mbele ya kabati, atatazama akipata nafasi. Siku chache baadaye akatuma ujumbe mfupi: msumari upo.

Katungu alipiga kelele jikoni. Mama Goreth alipigiwa simu, naye akapiga kelele kwake. Mzee Paluku aliomba anyolewe ndevu.

Walikwenda Jumamosi, kwa treni, kwa sababu kiti cha magurudumu hakikuingia vizuri kwenye gari la Balthazar na kwa sababu mzee alipenda treni. Alivaa koti la Krismasi na kofia ya kanisani. Kutoka Toongabbie njia ni moja, hakuna kubadilisha. Kila kituo kilipotangazwa mzee alilirudia jina kwa namna yake, Merrylands ikawa Merilanzi, Cabramatta ikawa Kaburamata, akasema hii lazima ni nchi ya watu wanaopenda makaburi. Balthazar alicheka mpaka abiria wakageuka. Hakukumbuka mara ya mwisho baba yake kutania. Alikuwa tayari na mpango: kule nyuma ya nyumba hawezi kuchimba, nyumba ni ya kupanga, lakini mchungaji alikuwa na shamba la rafiki yake, nje ya jiji, wangekwenda Jumapili ijayo, watu wachache, wangeimba, wangelia kidogo. Bunduki ingefungwa kwa shuka jeupe. Alikwisha kulinunua.

Njiani mzee aliuliza jambo moja tu, kama huyo muzungu anajua kwamba anauza kitu cha marehemu. Balthazar alisema anajua, amemweleza kila kitu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Baadaye Balthazar aliukumbuka mtikisiko ule wa kichwa, jinsi ulivyokuwa mwepesi.

Neville aliwangoja kwenye ngazi ya gereji, mtu mnene, magoti mabovu, amevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa ametandika blanketi la sufu juu ya meza na kuweka taa. Gereji ilinuka mafuta na nta. Ukutani mabunduki yalikaa kwenye vishikizo vyao kama vyombo vya jikoni. Balthazar hakuwa amekaa chumba kimoja na bunduki tangu ule usiku walipovuka mpaka kukimbilia Uganda, na zile hazikuwa kuukuu. Alijilazimisha kuangalia blanketi.

Neville alifanya kama wafanyavyo wauzaji waungwana. Alitaka mnunuzi akague kila kitu ndipo aseme bei. Alivaa glavu nyeupe za kitambaa. Alionyesha namba iliyogongwa kwenye mtutu, kisha namba ileile kwenye chuma cha kufungia risasi, maana vyuma vikiwa na namba tofauti, alisema, bunduki ni ya kuungaunga. Alikifungua kile chuma. Kilinyanyuka kuelekea mbele kama kifuniko cha sanduku. Akaingiza taa ndogo ndani ya mtutu, akamwita Balthazar aone ile mistari inayozunguka, jinsi kutu ilivyoila upande mmoja. Alirudisha nyundo nyuma, akaiachia polepole kwa kidole gumba. Alionyesha mahali mbao ilipopasuka na kufungwa kwa waya zamani sana. Balthazar alitafsiri vyote: namba, kutu, nyundo, ufa. Mzee Paluku alikaa mikono juu ya magoti, akingoja kama mtu anayengoja sala ya mwenzake iishe.

Kisha Neville akaibeba bunduki kwa mikono miwili na kuilaza juu ya mikono ya kiti cha magurudumu. Akampa mzee glavu. Mzee alizipapasa, akauliza ni za nini, alipoambiwa akazirudisha.

Aliinusa kwanza. Alianza mdomoni mwa mtutu akashuka taratibu, pua karibu na chuma, kama mama anayemnusa mtoto aliyetoka kucheza. Kisha akatumia vidole. Alipofika kwenye mbao alipunguza mwendo. Aliugusa ule ufa, akauvuka. Akainama, akageuza kichwa, akalaza shavu lake la kushoto kwenye kitako, akakosa, akasogea, akabadilisha shavu. Halafu akatulia.

Neville alivua glavu zake na kufuta macho kwa kiganja. Balthazar aliona kidole cha baba yake kikienda polepole chini ya shavu, kikafika pale, kikasimama. Kidoti cha shaba kilikuwa pale, kinang'aa chini ya taa. Akahisi kitu kinafunguka kifuani, kitu ambacho hakujua kwamba kilikuwa kimefungwa. Akasema moyoni, babu, twende nyumbani.

Mzee Paluku alikaa hivyo kwa muda. Kidole kilikwenda na kurudi, kilikwenda na kurudi.

"Balta," akasema, shavu bado liko kwenye mbao.

"Papa."

"Shaba hii ni changa."

Balthazar hakuelewa, au alijifanya haelewi. Mzee akainuka. Alizungumza polepole, bila hasira. Alisema baba yake hakuwa mjinga. Afisa alipita kila asubuhi akipapasa bunduki moja moja, na mali ya serikali haitobolewi. Kwa hiyo aliuzamisha ule waya ndani ya mbao, akaufunika kwa ulimbo na masizi, mkono wa muzungu ukipita usikutane na kitu. Alama ilikuwa shimo dogo la ulimbo, laini, lenye kubonyea kidogo kama utosi wa mtoto mchanga. Lakini hii imesimama. Hii ni kama chunusi.

Balthazar aligeuka kwa Neville na kutafsiri. Hakuangusha neno: afisa, waya kuzamishwa, ulimbo, masizi.

Uso wa Neville uliiva mpaka shingoni. Alikaa kwenye kiti chake cha kazi. Akasema ni kweli, msumari ule ameuweka yeye. Lakini palikuwa na tundu. Baada ya ile simu alichukua taa akatafuta, akaona tundu mahali palepale, limejaa kitu cheusi, ndiyo, kama ulimbo, akakichokoa kwa ndoano, kikatoka na kipande cha chuma cha kijani. Kilikuwa kimeoza. Alifikiri, huyu mzee haoni, amengoja miaka yote hii, asije akapapasa akakosa. Akaweka kipya, ili akikute kwa urahisi. Hakudhani amefanya vibaya. Alisema hayo akimtazama mzee, ingawa mzee hakuweza kumtazama, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema.

Balthazar akatafsiri hayo nayo, na alipofika kwenye ulimbo sauti yake ilipanda kwa furaha. "Papa, anasema ulikuwamo. Anasema aliutoa yeye mwenyewe."

Mzee alimgeuzia uso. "Habari ya ulimbo, ni yeye ameanza kuisema, ao ni wewe?"

Nje, mtu alikuwa anakata nyasi.

"Ni mimi, Papa. Nilikuwa natafsiri."

"Na musumari?"

"Ni mimi. Kwenye simu."

"Umemupa," mzee akasema. "Na sasa umemupa tena."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Balthazar angepata pa kushika. Alisimama pale kati ya watu wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliyaona maneno yote aliyowahi kuyabeba kutoka mkono huu kwenda mkono ule, na hakujua ni mangapi aliyakabidhi kwa namna hii hii, mazima, bila kuangusha, kwa watu wasiostahili kuyapata mapema.

Mzee Paluku alijaribu mara moja zaidi. Alimwambia Balthazar amwulize yule mtu, kile kipande cha kijani alichokitoa kilikuwa na umbo gani. "Umuulize hivyo tu. Usimupe kitu."

Balthazar aliuliza hivyo tu. Neville alifikiri. Alimtazama Balthazar, kisha mzee, kisha tena Balthazar, kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakufundishwa. Akasema kilikuwa kidogo. Kama msumari tu, au kama waya. Kusema kweli hakukiangalia sana. Kiko wapi? Hajui. Alifagia.

Balthazar alimrudishia baba yake jibu hilo. Mzee akacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya.

"Kilikuwa na umbo gani, Papa?" Balthazar aliuliza.

"Nikikuambia, utamutafsiria."

Neville aliona kwamba mambo yameharibika na akataka kuyatengeneza. Alisema wasifikirie bei, bei itazungumzika, waichukue tu, mzee akae nayo nyumbani hata mwezi mzima. Balthazar aliinama karibu na sikio la baba yake. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba tundu lingeweza kuwa lilikuwepo kweli. Alimwambia kwamba Mungu anaangalia moyo, haangalii msumari. Akamwambia kuhusu shamba la rafiki wa mchungaji na shuka jeupe. Alibembeleza kama mtoto anayeomba kusindikizwa.

Mzee Paluku alimwacha amalize. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya mbao, kwa heshima, kama mtu anayewekea mkono jeneza la jirani.

"Kama haiko ya baba, basi iko na mwenyewe," akasema. "Naye alikuwa na batoto. Nikiizika kwa jina la Kasereka, yule atabaki inje, na baba yangu atabaki inje. Watakuwa wawili kwenye mulango wangu."

"Na kama iko ya baba?"

"Kama iko ya baba, leo tumeifikia na tumeiacha. Sukuma kiti, twende."

Neville aliwasindikiza mpaka barabarani na magoti yake mabovu. Aliomba msamaha mara kadhaa, akamshika mzee mkono, na mzee akaupokea mkono ule, akasema aksanti. Balthazar hakulitafsiri hilo.

Kwenye treni ya kurudi mzee hakurudia jina la kituo hata kimoja. Watoto wa shule ya mpira walipanda Fairfield na viatu vyenye matope, wakajaza behewa kwa kelele, wakashuka. Kiti cha magurudumu kilitikisika kila treni ilipofunga breki, na Balthazar alikishikilia kwa goti. Alitaka kusema kitu. Kila sentensi aliyoianza kichwani ilianza kwa kujitetea. Nyumba za Merrylands zilipita, nguo kwenye kamba, mbwa, bwawa la kuogelea lenye maji ya kijani ambamo hakuna aliyeogelea. Karibu na Parramatta mzee alisema, kama anayeendeleza mazungumzo ya zamani, "Utanizika mbele ya baba yangu kuzikwa." Balthazar alisema, "Papa, usiseme hivyo." Mzee akamwambia kwamba hakumlaumu, alikuwa anamjulisha tu, ili siku ikifika asije akashangaa kwa nini mambo hayakai.

Nyumbani Katungu alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, na Mama Goreth amekuja na vigelegele vyake. Walipoona kiti kinaingia bila mzigo, Katungu alifunika sufuria. Mama Goreth, kwa kuwa ndiye yeye, aliuliza kama bunduki imekuja kwa miguu. Hakuna aliyecheka, naye akaomba radhi, akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Baridi ilipoingia, kifua cha mzee kilibana. Walimlaza hospitali, wakamrudisha, wakamlaza tena. Balthazar alipunguza siku za ghala ili akae naye. Usingizi ulimkimbia kwa ajili ya lile tundu. Akiwa juu ya mashine, makasha yamenyanyuliwa, aliliona. Ikiwa halikuwepo, basi hakupoteza kitu. Ilikuwa bunduki ya mtu mwingine, na siku ile ilikuwa safari ya bure, kama safari nyingi. Ikiwa lilikuwepo, basi bunduki ya Kasereka ilivuka bahari na vita na miaka themanini, ikafika vituo vichache kutoka mlangoni kwa mjukuu wake, na mjukuu akaiua kwa mdomo. Alijikuta akimwomba Mungu liwe halikuwepo. Aliona hilo ni ombi la ajabu kwa mtoto kuliomba.

Siku moja alasiri, mzee amelala, Balthazar alitoka kwenye ujia wa hospitali akampigia Neville. Neville alifurahi kusikia sauti yake, akauliza hali ya mzee, akasikitika. Balthazar akamwambia hataki kununua na hamlaumu kwa lolote. Anataka jambo moja tu, neno la kweli. Kabla ya ile simu ya kwanza, pale kwenye kitako, palikuwa na tundu au hapakuwa?

Mtu alipita na kitoroli cha vikombe.

"Unataka nikujibu nini, rafiki yangu?" Neville akasema. Hakuwa akidhihaki. "Kama itamsaidia baba yako, lilikuwepo. Kama itamsaidia akijua halikuwepo, basi halikuwepo. Niambie tu."

Balthazar alimshukuru. Alisema asante mara mbili, akazima simu, akabaki amesimama akitazama bango linalowafundisha watu jinsi ya kunawa mikono.

Aliporudi chumbani baba yake alikuwa macho. Aliuliza alikuwa akisema na nani.

"Na watu wa kazi, Papa."

Mzee akageuza uso kuelekea ukutani. Baadaye nesi aliingia, msichana mchangamfu, akamwomba Balthazar amwulize mzee kama ana maumivu na yako wapi. Balthazar akainama, akauliza. Mzee hakujibu. Alikuwa anapumua, amefumba mdomo, kidole kimoja kinacheza kwenye shuka. Nesi alingoja, kalamu mkononi, akimtazama Balthazar.

"Amesema nini?" akauliza.

"Hakusema kitu," Balthazar akasema.

Nesi akaandika.